Disa lilikuwa jina la msichana kabla halijawa jina la ua

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze asili ya jina moja la kike, Disa, ambalo limezua mabishano makubwa katika kata yetu hapa wilayani Makete. Wazazi wawili vijana, ambao baba anafanya kazi ya kuongoza wageni katika Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, walipeleka jina hilo kanisani kwa ajili ya ubatizo wa binti yao wa kwanza, wakarudishwa nyumbani wakatafute jingine. Waliambiwa kwamba Disa ni jina la ua wala si la mtu, kwamba limebuniwa na wataalamu wa mimea, na baada ya kijana mmoja kulitafuta kwenye simu yake, ikaongezwa hoja nzito kuliko zote, kwamba asili yake ni ya kipagani. Sitalitaja kanisa lenyewe wala wazee waliotoa uamuzi, kwa kuwa ni watu ninaowaheshimu na shauri lao bado halijafungwa. Lakini nimefundisha biolojia katika shule za sekondari za mkoa huu hadi kustaafu, jina hili nimelisoma kwa upande wa mimea na kwa upande wa watu, na inaniuma kuona mtoto ananyimwa jina zuri kwa sababu ya habari nusunusu.

Disa ni jina la kike la Skandinavia. Mzizi wake ni neno la lugha ya kale ya watu wa kaskazini, dís, ambalo wingi wake ni dísir. Kwa neno hilo watu wa zamani zile waliwataja viumbe wa kike wasioonekana ambao waliamini kwamba huulinda ukoo na huwa karibu na mama wakati wa kujifungua; na washairi wao walilitumia pia kumtaja mwanamke yeyote wa heshima, kama sisi tunavyosema bibi. Kutokana na mzizi huo yamezaliwa majina mengi ambayo mpaka leo ni ya kawaida kabisa katika nchi ya Iceland: Ásdís, Herdís, Thórdís, Bryndís, Hafdís. Mwenye jina lolote kati ya hayo huweza kuitwa Dísa na watu wa nyumbani kwake, kwa namna ileile ambayo huku kwetu Tusajigwe huwa Tusa na Atupele huwa Atu. Anayejulikana zaidi katika ukoo huo wa majina ni Vigdís Finnbogadóttir, aliyeshinda uchaguzi wa urais wa Iceland mwaka 1980 akawa mwanamke wa kwanza duniani kuchaguliwa kwa kura za wananchi kuwa rais wa nchi, na akakaa madarakani hadi mwaka 1996. Sehemu ya mwisho ya jina lake ina mzizi uleule wa jina ambalo wazazi wa Makete wamekatazwa. Na kwa upande wa Sweden, ambako jina limebaki katika umbo lake fupi la Disa, alikuwepo Disa Västberg, mbunge wa chama cha Social Democrats aliyeongoza jumuiya ya wanawake wa chama hicho kuanzia mwaka 1936 hadi 1952. Hao ni watu waliozaliwa, wakapewa majina na wazazi wao, wakayabeba majina hayo bungeni na ikulu. Hoja kwamba Disa si jina la mtu haina pa kusimama.

Hata hivyo, kilichowafanya Waswidi walikumbuke jina hili kwa karne nyingi si wanasiasa. Ni hekaya ya msichana aliyeitwa Disa, na naomba wasomaji wanivumilie niisimulie kwa kirefu, kwa sababu ndiyo iliyolileta jina hili mpaka kwenye milima yetu.

Inasimuliwa kwamba katika enzi za kale za ufalme wa Sweden watu waliongezeka sana, mavuno yakashindwa, njaa ikaingia. Mfalme akawaita washauri wake, na baraza likaamua kwamba wazee, wagonjwa na vilema wauawe ili chakula kilichobaki kiwatoshe wenye nguvu. Mshauri mmoja alikuwa na binti aitwaye Disa. Habari ya uamuzi ule ilipomfikia, Disa alisema waziwazi kwamba ulikuwa uamuzi wa kikatili na wa kipumbavu, na kwamba yeye angeweza kutoa shauri lililo bora kuliko lile la wazee wote wa baraza. Maneno yake yakafika kwa mfalme. Mfalme akakasirika, akataka kumpima. Akaagiza Disa aje mbele yake kwa masharti ambayo yeye mwenyewe aliyaona hayawezekani: asije kwa miguu wala juu ya farasi, wala kwa gari wala kwa chombo cha majini. Asiwe amevaa nguo wala asiwe uchi. Asije mchana wala usiku. Asije wakati mwezi unakua wala wakati unapungua.

Wasomaji waliolelewa na vitendawili jioni, au waliosimuliwa visa vya Abunuwasi na masultani wake, watakuwa wameshaanza kutafuta jibu. Disa alijifunika wavu wa kuvulia samaki, kwa hiyo hakuwa amevaa nguo wala hakuwa uchi. Alikuja akiwa ameweka mguu mmoja ndani ya kigari kisicho na magurudumu, kile kinachoburutwa juu ya theluji, na mguu wa pili ameupitisha juu ya mgongo wa mbuzi aliyetembea kando yake, kwa hiyo hakutembea, hakupanda farasi, wala hakusafiri kwa gari. Alifika jua linapozama, saa ambayo si mchana na usiku haujaingia, na mwezi ulikuwa mpevu. Wasimuliaji hutofautiana katika mambo madogo, hata katika jina la mfalme, lakini wavu ule haukosekani katika simulizi. Mfalme aliduwaa, akamsikiliza. Shauri la Disa lilikuwa kwamba asiuawe mtu. Ipigwe kura ya bahati, na sehemu ya wananchi wapewe mbegu na vyombo waende kufungua mashamba katika nchi za kaskazini zilizokuwa hazijakaliwa, na wengine wabaki walime zilizopo. Shauri likakubaliwa, wazee wakapona, na mfalme akamwoa Disa, akawa malkia.

Sidai kwamba hekaya hii ni historia. Wanahistoria wa Sweden wenyewe hawamhesabu Disa miongoni mwa malkia wa kweli. Ninachosema ni kwamba jina hili, kwa mtu yeyote aliyekulia Sweden na akasikia hekaya za nchi yake, linamleta mbele ya macho msichana aliyesimama mbele ya mfalme kuwatetea vikongwe. Katika mkoa wetu na mikoa jirani, ambako tumewahi kusikia habari za bibi zetu kushambuliwa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu tu ya uzee na macho mekundu, sijui ni jina gani la kigeni ambalo mzazi angeweza kumpa binti yake likawa na maana ya karibu zaidi na shida zetu.

Sasa nije kwenye upagani, kwa sababu ndiyo hoja iliyowatisha wazazi wale mpaka wakanyamaza. Ni kweli kwamba mzizi wa jina unatokana na imani za kabla ya Ukristo, na sitaki kulificha hilo. Pale Uppsala, katika nyakati za kipagani, kulikuwa na mkutano mkubwa wa mwishoni mwa majira ya baridi ambao jina lake la kale, Disting, lina mzizi uleule wa dís; palitolewa sadaka, paliamuliwa kesi, na palifanyika gulio. Mwandishi wa Iceland wa karne ya 13, Snorri Sturluson, anaeleza kwamba Ukristo ulipoingia mkutano ule haukufutwa, bali ulisogezwa hadi wakati wa sikukuu ya Bwana Yesu kupelekwa hekaluni, ambayo huadhimishwa tarehe 2 Februari. Gulio la Disting lipo mpaka leo, hufanyika Uppsala kila mwezi wa Februari. Na katika kalenda ya majina ya Sweden, ambamo kila siku ya mwaka imepewa jina moja au mawili ya watu ili wenye majina hayo wapongezwe, Disa na mwenzake Hjördis wamewekwa tarehe 3 Februari, siku inayofuata sikukuu hiyo.

Wazee wa kanisa wapime jambo hili kwa utulivu. Uppsala ndiko aliko Askofu Mkuu wa Kanisa la Sweden, kanisa la Kilutheri ambalo wamisionari wake wamefanya kazi katika nchi yetu kwa miaka mingi. Tena mmoja wa waandishi walioieneza hekaya ya Disa Ulaya nzima alikuwa Olaus Magnus, katika kitabu chake kuhusu watu wa kaskazini kilichochapwa Rome mwaka 1555, na Olaus Magnus alikuwa na cheo cha Askofu Mkuu wa Uppsala, ingawa kwa sababu ya mageuzi ya dini alilazimika kuishi uhamishoni. Mwaka 1611 profesa wa Uppsala, Johannes Messenius, akaitungia hekaya hiyo tamthilia kwa lugha ya Kiswidi na wanafunzi wake wakaiigiza. Kama askofu mkuu hakuona aibu kulisimulia jina hili, na kama nchi ya Kilutheri imeliweka katika kalenda yake siku moja baada ya sikukuu ya Bwana, sioni ni kwa kipimo gani sisi huku tunaliona chafu.

Kipimo cha asili ya kipagani, tukikitumia kwa haki, kitatuondolea hata majina yaliyomo katika Agano Jipya. Apolo, yule Myahudi wa Iskanderia hodari katika Maandiko anayetajwa katika Matendo ya Mitume sura ya 18, alibeba jina lililotoka kwa mungu wa Wayunani. Dionisio Mwareopago, aliyeamini baada ya kumsikia Paulo kule Athene, jina lake ni la mungu wa mvinyo. Na Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea ambaye Paulo anamkabidhi kwa Warumi kwa maneno ya heshima kubwa, ana jina ambalo Wayunani walimpa mmoja wa miungu yao ya kike. Paulo hakumwambia Fibi abadilishe jina. Kuhusu kumwita mtoto kwa jina la mmea, Esta mwenyewe, kwa jina lake la Kiebrania, aliitwa Hadasa, ambao ni mti wa mhadasi, na Tamari ni mtende, na Susana anayetajwa na Luka miongoni mwa wanawake waliomfuata Yesu ana jina la yungiyungi. Katika pwani yetu dada zetu wanaitwa Asumini, Waridi na Rehani, na hakuna anayewauliza wazazi wao kwa nini wamewapa watoto majina ya bustanini.

Lakini nimetangulia kusema kwamba Disa lilikuwa jina la mtu kwanza, na hapa ndipo nafurahi zaidi kulieleza kama mwalimu wa biolojia. Mwaka 1767 daktari na mtaalamu wa mimea wa Stockholm aliyeitwa Peter Jonas Bergius, mmoja wa wanafunzi wa Carl Linnaeus, alichapisha maelezo ya mimea ya Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika huko. Mimea iliyokaushwa aliletewa na Michael Grubb wa Kampuni ya Sweden ya India Mashariki, ambayo meli zake zilipita Rasi katika safari za China. Katika mimea hiyo palikuwa na okidi nyekundu ya Mlima Meza wa Cape Town, ambayo sasa inaitwa Disa uniflora. Ua hilo lina jani moja la juu lililokunjamana kama kofia, na ukilisogeza karibu na jicho unaona mishipa myekundu iliyopishana juu ya rangi hafifu kama nyuzi za wavu. Maelezo yanayokubaliwa na wataalamu wengi ni kwamba Bergius, aliyekulia Sweden na hekaya zake, alipouona wavu ule alimkumbuka msichana aliyekwenda kwa mfalme akiwa amejifunika wavu, akalipa ua jina lake. Kwa hiyo wataalamu wa mimea hawakulibuni jina hili. Waliliazima kutoka kwa binti.

Waswidi wa zama zile walikuwa na mazoea ya kupitisha majina kati ya watu na mimea, na safari za majina hayo ni ndefu kuliko tunavyodhani. Chukua jina la Linnea, ambalo leo ni miongoni mwa majina ya kike yanayobebwa na watu wengi zaidi nchini Sweden, hasa likiwa jina la pili. Lilianza na mti. Baba yake Carl Linnaeus, Nils Ingemarsson, alipojiandikisha chuo kikuu alihitaji jina la ukoo, akalitunga kutokana na mti mkubwa wa mlinde uliosimama katika shamba la familia yao huko Småland. Mwanawe Carl, aliyezaliwa mwaka 1707, akaja kuwa mtu aliyeupa ulimwengu utaratibu wa kuuita kila mmea kwa majina mawili. Rafiki yake Mholanzi, Gronovius, akampa heshima kwa kuita Linnaea mmea mdogo unaotambaa chini ya misonobari ya kaskazini, wenye vijiti vyembamba ambavyo kila kimoja hugawanyika juu na kuning'iniza maua mawili ya waridi yenye harufu tamu. Linnaeus aliupenda mmea ule kuliko yote. Alisema kwamba ni mmea mnyonge, usiotazamwa, unaochanua kwa muda mfupi, na kwamba katika hayo unafanana naye. Katika picha yake maarufu ya mwaka 1737 ameushika mkononi. Kisha katika karne ya 19 wazazi wa Sweden wakaanza kuwaita binti zao Linnea kwa kulipenda ua lile, jina likapanda sana mwanzoni mwa karne ya 20, likatulia, likarudi tena kwa nguvu miaka ya 1990, na katika kalenda ya majina lina siku yake, tarehe 13 Mei. Mti ukawa ukoo, ukoo ukawa ua, ua likawa msichana. Hakuna mchungaji wa Sweden anayemkataa Linnea kwenye kisima cha ubatizo kwa hoja kwamba ni jina la mmea.

Hata katika nyua zetu hapa Makete mazoea hayo yapo, isipokuwa hatuyaoni. Yule mtambaa wenye maua ya rangi ya chungwa na jicho jeusi katikati, unaojikunja kwenye uzio wa karibu kila nyumba, ni wa asili ya Afrika Mashariki, lakini jina lake la kitaalamu ni Thunbergia, kwa heshima ya Carl Peter Thunberg, mwanafunzi mwingine wa Linnaeus. Kahawa ya Mbozi, viazi mviringo vya Kitulo, maharage na mahindi yetu yote, majina yao ya kitaalamu yanaishia na herufi L., ambayo ni alama ya Linnaeus. Hatujawahi kuikataa kahawa.

Na Disa je? Jamii hiyo ya okidi ina aina zaidi ya 150, nyingi zikiwa kusini mwa Afrika, lakini kadhaa zinaota katika milima yetu ya Kipengere, Poroto na Livingstone, na katika uwanda wa Kitulo, ambao ulitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa sababu ya maua yake hasa, na ambao wenyeji tunauita Bustani ya Mungu. Aina mojawapo inaitwa Disa ukingensis. Neno hilo la pili linatokana na Ukinga, nchi ya Wakinga, yaani hapa hapa. Sijui kama wazee waliolikataa jina hilo wamewahi kuambiwa kwamba katika vitabu vya mimea vya dunia nzima jina la msichana yule wa Sweden na jina la nchi yao wenyewe yameandikwa pamoja, mstari mmoja, kama jina la kwanza na la ukoo.

Nimewahi kuwachukua wanafunzi wakaliangalie ua hilo, mwezi wa Januari, mvua ikiwa imekatika kidogo. Mmea wa Disa ukiufukua kwa uangalifu unakuta viazi viwili chini ya shina: kimoja kimesinyaa na kulegea, ndicho kilicholisha shina la mwaka huu, na kingine kigumu, cheupe ndani, kinachosubiri mwaka ujao. Wachimbaji wa chikanda, wanaopeleka viazi vya okidi Zambia kupitia Tunduma kwenda kutengenezewa chakula, hukichukua kile kigumu, na mwaka unaofuata hapaoti kitu. Baba wa mtoto anayenyimwa jina anatoka katika familia ambayo zamani iliishi kwa uchimbaji huo, na mwenyewe ameniambia kwamba aliona afadhali jina hilo lisalie nyumbani kwake hata kama siku moja litakosekana mlimani. Mzazi aliyefikiri hivyo hakuokota jina njiani.

Wapo waliosema, kwa sauti ya chini lakini nilisikia, kwamba jina la Kizungu lisilojulikana litamfanya mtoto achekwe, na kwamba kama wanataka la Skandinavia wachukue lililozoeleka. Kuhusu kuzoeleka nakubali kwamba Disa si la wengi hata kwao. Mwanzoni mwa karne ya 19 Waswidi walianza kuyarudia majina ya mababu zao kwa fahari. Chama cha wasomi kilichoundwa Stockholm mwaka 1811, Götiska Förbundet, kilikuwa na mchango mkubwa katika hilo, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 kina Astrid, Sigrid, Ingrid na Hjördis walikuwa wengi sana. Disa lilikwenda na wimbi hilo lakini halikuwahi kuwa jina la kila nyumba, na leo, katika orodha zinazotolewa kila mwaka na ofisi ya takwimu ya Sweden, utakuta majina mengine mbele kabisa, siyo Disa. Ni jina la wachache waliolichagua kwa makusudi. Kwangu hiyo ni sifa. Tumeshuhudia hapa nyumbani jinsi jina la filamu au la tamthilia ya runinga linavyoweza kujaza darasa zima katika miaka michache, mwalimu akalazimika kuwaita watoto kwa majina ya baba zao.

Zaidi ya hayo, majina ya Skandinavia si mageni kwetu kwa kiasi wanachodhani. Nchi za Nordiki zilishirikiana kukijenga kituo cha kilimo cha Uyole, Mbeya, katika miaka ya 1970. Denmark ilisaidia miradi ya maji ya vijijini Iringa, Mbeya na Ruvuma. Wauguzi, walimu na wamisionari wa Sweden waliishi Njombe na vijiji vyake. Waliokuwa wakizalishwa na wauguzi hao waliwapa watoto majina yao kwa shukrani. Ndiyo maana hadi leo ukisoma orodha ya wanakwaya katika sharika zetu unakutana na mama mtu mzima wa Kibena au wa Kikinga anayeitwa Ingrid, Karin au Birgitta, na hakuna anayecheka. Ingrid nalo, kwa taarifa ya wazee wetu, linaanza na jina la Ing, mungu wa kale wa watu wa kaskazini, na limebatizwa katika makanisa haya haya bila swali. Kama Ingrid lilipita, haki inataka Disa nalo lipite.

Kwa matamshi, jina hili halina shida yoyote. Lina silabi mbili zinazoishia na irabu, di na sa, na mkazo unaangukia silabi ya kwanza, ambayo katika jina la silabi mbili ndipo Kiswahili nacho kinapouweka. Bibi asiyejua kusoma atalitamka sawasawa siku ya kwanza, jambo ambalo siwezi kusema kuhusu majina mengine tunayoyaruhusu kila Jumapili.

Ombi langu kwa wazee wa kanisa ni kwamba walirudishe shauri hili mezani kabla ya ubatizo ujao, wamwite baba wa mtoto aeleze mwenyewe alikolipata jina na kwa nini alilichagua, na kama wakihitaji mtu wa kujibu maswali kuhusu mmea au kuhusu hekaya niko tayari kufika. Kwa wazazi, nasikia wameshauriwa na ndugu waandike Disa kwenye cheti cha kuzaliwa na jina jingine kwenye cheti cha ubatizo ili yaishe. Nawasihi wasifanye hivyo. Katika miaka yangu ya kazi nimewaona wanafunzi waliokuwa na jina moja kwenye cheti cha kuzaliwa na jingine kwenye vyeti vya shule wakihangaika kutafuta viapo vya mahakamani wakati wenzao wameshapata mkopo wa elimu ya juu na kitambulisho cha taifa. Mtoto aandikwe jina lile lile kila mahali, kwa herufi nne kama lilivyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Makete, Njombe